Mtoto kaumia kichwa, karudi shule, sasa anaitwa mvivu: wazazi na walimu tupeane njia za kupata msaada

#1 TichaWaKitengo

Wakuu habari za mchana. Mi ni mwalimu wa elimu maalum, nafundisha shule ya msingi ya serikali huku Kanda ya Ziwa, chuo cha ualimu Patandi ndiko nilikosomea. Nafungua huu uzi kwa sababu kuna kundi la watoto linatupita mbele ya macho na hakuna anayelihesabu. Mtoto asiyeona tunamjua, kiziwi tunamjua, anayetembelea magongo tunamuona toka getini. Ila huyu aliyegongwa na bodaboda au kaanguka toka juu ya mwembe, akalazwa, akaruhusiwa, kovu limeshafunikwa na nywele, anacheza mpira na anaamkia vizuri tu, huyu tunampokea darasani kama alikuwa anaumwa mafua.

Wiki za kwanza kila mtu anamwonea huruma. Baadae yanaanza malalamiko, hasikilizi, kazi hamalizi, jana kafundishwa leo hana habari, saa nne asubuhi kashalala kwenye dawati, akiguswa kidogo anarusha ngumi wakati zamani alikuwa mpole mpaka wenzake wanamwonea. Mwalimu anasema mvivu, baba anasema kadekezwa hospitali, bibi anasema kalogwa, na mtoto mwenyewe hajui kimempata nini, anajua tu siku hizi kila mtu anamgombeza.

Kinachochanganya watu ni hiki: vile alivyojifunza kabla ya ajali mara nyingi vinabaki. Anasoma, jedwali la kuzidisha anataja lote, nyimbo za kwaya anazikumbuka. Kwa hiyo wote tunasema akili ipo, ni kiburi. Kumbe kilichoumia ni uwezo wa kushika kitu KIPYA, kasi ya kuelewa, umakini, kupanga kazi aanze wapi amalizie wapi, na breki za hasira. Na uchovu jamani, uchovu wa ubongo uliojeruhiwa sio ule wa kukosa usingizi, mtoto anafanya hesabu tano anakuwa hoi kabisa.

Halafu mzazi anakuja na ile kauli, "mbona siti skani ilikuwa safi". Siti skani inaonyesha damu iliyovuja na mfupa uliopasuka, haionyeshi mtoto anachukua muda gani kuelewa sentensi moja. Skani safi na darasani anazama, vyote viwili vinawezekana kwa mtoto huyo huyo.

Na kuna lingine gumu zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo inaendelea kukomaa mpaka mtu anafika miaka ya ishirini na kitu. Mtoto akiumia ana miaka mitano anaweza akaonekana mzima kabisa mpaka darasa la tano au kidato cha kwanza, pale masomo yanapokuwa mengi, walimu tofauti, ratiba ya kujipangia mwenyewe, ndo unaona anaanguka. Wakati huo hakuna anayekumbuka tena ile ajali. Ndo maana nasema zile karatasi za hospitali msizifungie vitumbua.

Sasa msaada. Tatizo letu kubwa ni kwamba huyu mtoto hana kiboksi. Angalia makundi ambayo NECTA (Baraza la Mitihani) huwa wanayatangaza kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, utakuta wasioona, uoni hafifu, viziwi, ulemavu wa akili, ulemavu wa viungo. Jeraha la ubongo halina mstari wake. Mzazi anaingia ofisini anasema mwanangu aliumia kichwa, anaulizwa ni mlemavu wa nini, anakosa jibu, anarudi nyumbani.

Ushauri wangu ni mmoja na ndo sababu ya uzi: usiende na jina la ugonjwa peke yake, nenda na KAZI ANAZOSHINDWA. "Ana tatizo la ubongo" haimsaidii mtu yeyote. Andika "anaandika kama dakika 20 halafu kichwa kinamuuma anaacha", "akipewa maagizo matatu kwa mpigo anakumbuka la kwanza tu", "kelele zikizidi anaziba masikio na kulia", "baada ya saa sita mchana hashiki kitu". Ukiandika hivyo mwalimu mkuu anajua afanye nini hata kama hajawahi kusikia habari za ubongo maisha yake yote.

Mnaanzia hospitali, kabla hamjatoka. Ombeni muhtasari wa matibabu ulioandikwa, na mwombeni daktari aongeze mistari miwili mitatu ya shule: aanze lini, nusu siku au siku nzima, michezo gani asicheze, dawa gani anatumia, kama kuna hatari ya kifafa. Madaktari wengi hawaandiki hivyo mpaka waombwe, sio ubaya, wao wanapigania uhai wa mtu.

Halafu barua kwa mwalimu mkuu, ya maandishi, na nakala mkae nayo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomoni yanaondoka na mwalimu akihamishwa. Kila halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalum, yupo kwenye idara ya elimu pale pale, huyo ndo wa kuomba mtoto afanyiwe upimaji. Msiogope kwenda. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma kwenye shule ya kawaida pamoja na wenzake na kupata msaada anaouhitaji, hamuendi kuomba fadhila.

La mwisho halafu niwaachie uwanja. Kupata msaada SIO lazima mtoto ahamishiwe kitengo, yaani darasa la peke yao la elimu maalum. Mimi ndo mwalimu wa kitengo na nasema hivyo. Wengi wao wanahitaji kukaa mbele mbali na dirisha, kazi ipunguzwe idadi sio ugumu, maagizo yaandikwe ubaoni, apumzike katikati, apewe muda. Kumtoa kwa marafiki zake ni kumuumiza mara ya pili.

Karibuni, ulizeni.

#2 Mkongwe_wa_Usukumani

Mwalimu nakuheshimu ila mmeanza kutuletea mambo ya kizungu. Sisi tumeanguka kwenye miembe, tumepigwa na ng'ombe mateke, tumechapwa na rula mpaka kichwani na tumesoma tukamaliza. Watoto wa siku hizi wanatafutiwa sababu tu, mkimwambia mtoto ana ugonjwa na yeye anaushika huo huo.

#3 TichaWaKitengo

Mzee shikamoo. Wewe ulimaliza na nashukuru Mungu. Ila jiulize wale mlioanza nao darasa la kwanza walioishia la nne mkawaita mazezeta, wangapi waliwahi kuanguka? Hakuna aliyeuliza enzi hizo. Na hiyo rula ya kichwani sio halali hata kwa kanuni za sasa, kanuni za viboko za 2002 zinataja kiganja na makalio, idadi isizidi vinne, na mwalimu anachapa kwa idhini ya mkuu wa shule. Kichwa hakimo humo. Mimi mwenyewe viboko sivipendi ila hapo naongelea sheria ilivyo.

Kuhusu kushikilia ugonjwa, kweli wapo watoto wanaojifunza kutega. Lakini mtoto anayetega hategi saa ya mpira. Huyu ninayemsema anachoka hata kwenye mpira, na anatamani kumaliza kazi hamalizi.

#4 mama_wawili_Kahama

Mwalimu samahani nauliza, wangu hakuanguka wala kugongwa, alipata malaria ikampanda kichwani akiwa na miaka minne, degedege, hakuwa na fahamu siku kadhaa hospitali ya mkoa. Akapona kabisa. Sasa yuko la pili kusoma hawezi, herufi anazijua leo kesho zimepotea, na nikimuita huwa haitiki mpaka nipaze sauti, nikadhani ukaidi. Je na yeye anahusika kwenye huu uzi au mimi natafuta sababu kama alivyosema huyo mzee hapo juu

#5 TichaWaKitengo

Mama anahusika moja kwa moja. Malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo, kukosa hewa, hivi vyote vinaumiza ubongo bila mtu kugongwa popote. Watafiti wa Mulago kule Kampala waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya kichwani, miaka miwili baadae kama mtoto 1 kati ya 4 bado alikuwa na shida ya kufikiri, kukumbuka au umakini. Hao ni waliopona, waliorudishwa nyumbani wazazi wakashukuru.

Ila wewe kabla hujaenda kwingine, KAPIME MASIKIO. Hiyo ya kutokuitika mpaka upaze sauti mimi inanishtua zaidi ya herufi. Anaweza akawa hasikii vizuri, na mtoto asiyesikia vizuri hawezi kushika sauti za herufi hata ubongo ungekuwa mzima. Macho pia. Ukishapata majibu ya masikio ndo uende kwa afisa elimu maalum na kadi yake ya kliniki pamoja na chochote ulichobaki nacho cha kulazwa. Kama zimepotea, hospitali hiyo hiyo waombe watafute faili, nenda na tarehe hata ya kukadiria.

#6 Hedi_asiyelala

Naomba niongee upande wa pili maana wazazi wakisoma hapa watatuona sisi walimu wakuu ni mashetani. Darasa langu la tatu lina watoto mia na kitu na mwalimu mmoja. Ukiniambia mtoto apewe kazi yake peke yake na apumzike katikati nakuelewa, ila apumzike wapi? Ofisi yangu ndo stoo. Nilichofanya kwa mmoja tuliyenaye, aliyeangukiwa na tofali, tumempa rafiki mmoja mwenye hati nzuri anamwandikia kazi za ubaoni na yeye anajibu tu, na mama yake anamfuata saa sita mchana. Haina gharama yoyote. Anaenda, sio kwa kasi ila anaenda.

Sasa wazazi nawaomba jambo moja, MTIHANI. Darasa la saba wanafanya Septemba, mzazi ananiletea barua ya daktari Agosti mwishoni. Nifanye nini mimi? Mahitaji maalum yanaingizwa wakati wa kusajili watahiniwa, mapema sana mwaka huo. NECTA huwa wanaongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine. Kwa mtoto ambaye shida yake ni kasi hizo dakika ni kila kitu. Ila usipokuwepo kwenye usajili msimamizi hana cha kukuongezea, na usimlaumu.

#7 TichaWaKitengo

Hedi umesema kweli tupu, na hilo la rafiki wa kuandika nalichukua. Naongeza tu kwamba mtoto aanze kufanya mitihani ya shuleni kwa muda ulioongezwa toka la tano, la sita. Kwanza anazoea, pili shule inakuwa na ushahidi kwamba bila muda anapata hivi na akiwa na muda anapata hivi. Afisa akiona hizo karatasi mbili sambamba maswali yanapungua.

#8 Njeri_wa_Nakuru

Majirani nawasalimu. Huku Kenya tuna vituo vya EARC, vilianza 1984, kazi yao ni kumpima mtoto na kusema awekwe wapi na apate msaada gani, viko karibu kila kaunti ndogo. Unaenda na mtoto, kitabu cha kliniki na barua ya shule kama unayo. Ukitaka upimaji wa kina kuna KISE, taasisi ya elimu maalum pale Kasarani Nairobi. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalum KNEC (baraza letu la mitihani) wanampa dakika 30 zaidi kwa karatasi, ila pia huku ni lazima shule iombe wakati wa usajili na ripoti iwepo.

Shida yetu ni ile ile ya kiboksi mwalimu amesema. Ndugu yangu aligongwa na matatu (daladala), EARC walimwandika "matatizo ya kujifunza" tu, basi. Shule ikadhani ni hali ya kuzaliwa nayo, wakamfundisha kama mtoto anayeanza herufi upya wakati anasoma gazeti! Alikuwa anaaibika mpaka akakataa shule. Ilibidi mamake arudi aombe waandike wazi kwamba ni baada ya ajali, anasoma vizuri, shida ni kumbukumbu na uchovu. So kiboksi chochote mnachopewa, hakikisheni maelezo yako chini yake.

#9 Mkalimani_Ohio

Mimi niko Ohio, Marekani, Mtanzania, kazi yangu ni ukalimani na wateja wangu wengi ni familia za Wakongo waliotokea kambi za wakimbizi, Nyarugusu na kwingine. Vikao vya shule nimekaa vingi kwa hiyo nitoe picha ya huku, labda kuna ndugu zetu wanasoma.

Huku kiboksi kipo. Jeraha la ubongo liliingizwa kwenye sheria ya elimu maalum ya taifa mwaka 1990 kama kundi lake lenyewe. LAKINI kwa sheria hiyo ya taifa linahesabika kama ubongo umeumizwa na nguvu ya nje, yaani ajali, kuanguka, kipigo. Malaria ya kichwani, uti wa mgongo, kiharusi, haviingii. Mzazi anakaa kikaoni anaambiwa mtoto wako hafai kundi hili, anadhani kakataliwa msaada wote anaondoka. Sio! Mtoto huyo anaweza kuingia kwenye kundi la matatizo mengine ya kiafya na akapata mpango ule ule wa IEP, yaani mpango wa maandishi wa msaada wa mtoto mmoja mmoja. Uliza "basi aingie kundi gani", usiondoke kabla hujajibiwa.

Mengine kwa ufupi. Ombi la mtoto kupimwa liandikwe, liwe na tarehe, hata kwa Kiswahili andika. Ukishasaini kukubali apimwe, sheria ya taifa inawapa siku 60 kumaliza, isipokuwa jimbo likiwa na muda wake. Kikao cha IEP shule inatakiwa ilete mkalimani na mzazi halipi, na tafadhali msimtumie mtoto wenu mkubwa kutafsiri habari za mdogo wake, nimeona vitu vya kusikitisha. Hulazimiki kusaini siku hiyo hiyo, chukua karatasi nenda nazo nyumbani. Usipokubaliana na vipimo vyao unaweza kuomba upimaji wa nje kwa gharama ya shule, wao wakikataa ndo wanatakiwa wajitetee. Na suala la vibali vya ukaazi lisikutie hofu, toka hukumu ya Mahakama Kuu ya 1982 mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu ya karatasi za uhamiaji.

Familia nyingi hazisemi kuhusu ajali iliyotokea kambini au njiani vitani kwa sababu hawaulizwi. Mtoto anafeli, shule inasema ni Kiingereza hajakijua, subirini. Mwaka wa kwanza sawa, wa tatu bado Kiingereza? Semeni ile ajali.

#10 dogo_wa_PCM

Mi ndo muhusika mwenyewe. Niligongwa na gari nikiwa form one, upasuaji MOI (taasisi ya mifupa Muhimbili), nilikaa nyumbani muhula mzima. Saivi niko form three. Naomba niwaambie wazazi na walimu kitu ambacho hakipo kwenye karatasi. Mtu anaponiuliza "umeelewa?" nasema ndio. Kila siku nasema ndio. Kwa sababu wakati huo nimeelewa kweli, na baada ya dakika kumi sina kitu. Mwalimu wa kemia ndo alishtuka, akaacha kuuliza "umeelewa" akawa ananiambia "nirudishie nilichosema". Hapo tukajua wapi panavuja.

Nilikuwa bweni nikahamia kutwa, prepu ya usiku ilikuwa inaniua, taa zile za tyubu na kelele. Nimepoteza mwaka ila afadhali. Hasira bado zipo, nimeshapigana mara mbili na zote sikumbuki ilianzaje. Discipline master alitaka nifukuzwe, mama akaenda na ile barua ya daktari iliyosema kuhusu hasira, wakanipa mwalimu mmoja wa kumuendea nikiona zinapanda, natoka darasani bila ruhusa naenda kwake. Mwanzoni wenzangu walinicheka, sasa wameshazoea.

#11 Mkongwe_wa_Usukumani

Kijana nimekusoma. Pole sana. Hilo la kutoka darasani bila ruhusa bado linanipa shida kulimeza ila nimekusoma.

#12 mama_wawili_Kahama

Mwalimu naomba mfano wa hiyo barua, mimi kuandika sio mtaalamu na nataka niende nayo shuleni hata kabla ya majibu ya masikio

#13 TichaWaKitengo

Nenda nayo, usisubiri. Andika kawaida tu:

"Mwalimu Mkuu, mimi ni mama wa fulani, darasa la pili. Mwanangu alilazwa kwa malaria ya kichwani mwaka fulani, akapoteza fahamu. Tangu hapo naona haya: herufi alizojifunza leo kesho hazikumbuki, haitiki akiitwa kwa sauti ya kawaida, akichoka analia. Nampeleka kupimwa masikio. Wakati nasubiri majibu naomba akae dawati la mbele, mwalimu amwangalie usoni anapomwambia kitu, apewe herufi chache kwa siku na zirudiwe kesho yake. Naomba pia shule imwandikie Afisa wa elimu maalum ili apimwe. Niko tayari kuja siku yoyote mtakayoniita."

Tarehe, sahihi, namba ya simu. Toa kopi, waombe wagonge muhuri kwenye kopi yako. Wakikataa kugonga andika nyuma ya kopi umempa nani na lini. Wiki mbili zikipita kimya nenda halmashauri mwenyewe na hiyo kopi, na kama mambo ya nauli au matibabu yanakukwamisha pita pia kwa Afisa Ustawi wa Jamii, jengo huwa ni hilo hilo.

#14 Baba_Ilemela

Na shule binafsi je? Wangu yuko shule ya kulipia, walipoona matokeo yameshuka baada ya ajali wameniambia kiaina nitafute shule nyingine, eti anashusha wastani.

#15 TichaWaKitengo

Kaka hiyo tunaisikia sana. Sheria ya 2010 haikusema shule za serikali peke yake, na utaratibu wa muda wa ziada NECTA ni ule ule kwa shule zote. Wakwambie kwa maandishi kwamba wanamtoa na sababu ni ipi, utaona wengi wanalegea wakiombwa maandishi. Ila kusema kweli hata akibaki, kama hawana mwalimu wa elimu maalum na hawataki kuajiri, ada unalipa na mtoto hasaidiki, pima mwenyewe. Wakuu wa Mwanza, kuna anayejua shule ya kulipia Ilemela au Nyamagana yenye mwalimu aliyesomea elimu maalum? Wekeni hapa au mtumieni faragha.